Ufagio wa Ghorofa ya Nane

Lifti yetu hula sarafu. Usipoilisha, haipandi.
Mtoto nyongani, viazi mkono wa pili,
na sarafu imejificha mfukoni,
chini ya leso, chini ya biskuti iliyotafunwa nusu.
Lazima Gegi aitumbukize mwenyewe.
Nikimtangulia, Gldani nzima itasikia.

Ana miaka miwili na miezi minne.
Keshajifunza kwamba nyumbani ni tisa.
Unakaa wapi? Tisa.
Una miaka mingapi? Tisa.
Mungu yuko wapi?
Akafikiri. Kumi.

Kuta hizi ni karatasi. Najua
Vakho wa mlango wa pili hukohoa mara tatu kabla ya chai,
najua pacha wa Lamzira wanaota meno,
nao wanajua ya kwangu: nani kamwaga uji,
nani kapandisha sauti, nani baadaye kalia bafuni
akiwa kafungulia bomba ili asisikike.
(Alisikika. Asubuhi nilikuta mlangoni
bakuli la maharage lililofunikwa sahani.)

Chini yetu, nane, yuko Tsiuri.
Alikuwa karani wa reli; mpaka leo
hapendi kitu kipite nje ya saa yake.
Gegi akikimbia du-du-du toka jikoni hadi dirishani,
ufagio wa Tsiuri hugonga dari yake,
ambayo ndiyo sakafu yangu:
ko! ko! ko!
Nimetandika zulia juu ya zulia.
Nimemvisha soksi za sufu.
Nimemwambia, tembea kama paka.
Akatembea kama paka
aliyepigwa kwato.

Jumanne ya upepo, kiatu kiliruka toka roshani
kikanasa kwenye kamba ya nguo ya ghorofa ya tano,
kati ya shuka mbili.
Nikatoka hatua mbili tu, nimwite Lamzira,
mlango ukajibamiza.
Funguo ndani. Gegi ndani.
Chungu kiko motoni.
Mimi nje, na soksi zangu.

Usiniulize nilisema nini.
Upande wa pili kwanza kicheko, halafu kimya,
halafu kile kilio kisicho na neno ndani yake.

Milango ikafunguka juu na chini.
Vakho akaja na bisibisi na kikohozi chake.
Lamzira akaja na pacha, kila kwapa mmoja.
Mtu akasema iteni zimamoto,
mtu akasema jaribu kadi ya benki,
mtu akasema, na wewe ulitokea nini?
Huyo hakosekani.

Kisha, chini ya miguu yetu:
ko. Ko. Ko.
Si ule ugomvi. Polepole,
kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.
Kilio kikakatika.
Ko. Ko.
Ndani, kisigino kidogo kikaitikia: du.
Ufagio ukasogea. Niliusikia ukisogea,
mbali na jiko, chini ya chumba cha kulala, chini ya korido,
ukimvuta mwanangu hatua kwa hatua
mpaka nikasikia pumzi yake kwenye tundu la kitasa.
"Tisa," akasema.
"Tisa," nikamjibu, shavu langu kwenye ubao.

Dakika arobaini.
Vakho alimaliza matusi yote, kitasa kikasalimu amri.
Mchuzi ulikuwa mkaa.
Gegi alikuwa amelala kifudifudi, sikio sakafuni,
anasubiri zamu yake.

Nikateremka kwa ngazi, sikuwa na sarafu.
Tsiuri alifungua mlango upana wa uso,
ufagio bado mkononi, chokaa ya dari nyweleni.
Nikasema, sijui nikulipe nini.
Akasema, "Mlaze saa mbili."
Akafunga.

Kiatu kilirudi Alhamisi,
kimepita mikono minne, ndani yake konzi ya zabibu kavu.

Na jana, saa mbili na robo,
du-du-du,
ko! ko! ko!
Gegi akasimama, akaitazama sakafu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake,
akakunja magoti,
akaruka kwa nguvu zake zote.